Tone la Fedha Chini ya Kitanda

Mama yangu alikuwa nesi, na nikimkumbuka kazini namwona anakung'uta themomita. Aliishika kwa vidole vitatu, akaikung'uta mara tatu nne kama mtu anayekausha maji mkononi, akaiinua usawa wa dirisha kuona kama uzi wa fedha umeshuka, kisha ndipo ikaingia kwapani mwa mgonjwa. Katika wodi aliyofanyia kazi, aliyevunja themomita alikatwa mshahara. Kwa hiyo ikivunjika, haisemwi. Vipande vya kioo viliingia kwenye ndoo ya taka, na matone yaliyokimbilia chini ya kitanda yakafagiliwa kimya kimya.

Siku moja alituletea tone moja nyumbani, ndani ya kichupa cha dawa ya sindano. Tukalimwaga kwenye sinia, tukaligawa kwa kijiti, tukaliunganisha tena, jioni nzima. Nani angetukataza? Mtaani kwetu mjuzi wa mambo ya afya alikuwa yeye.

Tone lile ni zebaki. Themomita moja ina gramu moja hivi au pungufu. Mashine ya presha ya zamani, ile yenye mrija wa kioo uliosimama, huweza kuwa na gramu 100. Watu wengi huogopa mtoto asije akaing'ata themomita akameza. Kumbe zebaki ya namna hiyo ikimezwa, karibu yote hutoka na choo kama ilivyoingia. Balaa liko kwenye pumzi. Zebaki iliyoachwa sakafuni hugeuka mvuke taratibu, hauna rangi wala harufu, na ukivutwa, kama asilimia 80 yake hubaki mwilini na kupanda hadi ubongoni. Fagio ndilo baya kuliko yote, kwa sababu linapasua tone moja kuwa mia, na kila kipunje kinatoa mvuke wake.

Sasa tuifuate ile ndoo ya taka. Inakwenda nyuma ya hospitali, kwenye kichomea taka. Bandeji inaungua, pamba inaungua, lakini zebaki haiungui. Ni elementi, moto hauna la kuivunja. Inachemka kwenye nyuzijoto 357, na kichomea taka kizuri hupita 800, kwa hiyo inatoka kwenye bomba la moshi ikiwa nzima, inapaa, inasafiri, inashuka na mvua. Ikifika kwenye tope la ziwa au bahari, pasipo na hewa, bakteria wanaifunga na kaboni na kuigeuza kitu kingine kabisa: methili-zebaki. Hapo ndipo inapoingia kwenye chakula. Vijimea vinaila, dagaa wanakula vijimea, vibua wanakula dagaa, jodari na papa wanakula vibua, na kila hatua sumu inazidi kurundikana, maana mwili hautoi kwa kasi ile unayoingiza.

Dunia ilijifunza hili kwa machozi ya watu wa Minamata, mji wa wavuvi kusini mwa Japani. Kwanza paka walianza kuyumba, kuzunguka na kutumbukia baharini. Kisha watoto. Tarehe 1 Mei 1956, Dkt. Hajime Hosokawa, mganga mkuu wa hospitali ya kiwanda cha Chisso, aliarifu ofisi ya afya kwamba kuna ugonjwa wa ubongo usiojulikana. Mwaka 1959 alimlisha paka chakula kilichochanganywa na maji taka ya kiwanda chenyewe. Paka huyo, ambaye katika daftari lake alikuwa nambari 400, akapatwa na dalili zilezile. Wakubwa wa kiwanda waliyaficha matokeo, na maji yale yakaendelea kumwagwa hadi 1968. Hosokawa aliiambia mahakama matokeo hayo mwaka 1970, akiwa kitandani na saratani iliyomuua.

Jambo lililowashangaza zaidi madaktari lilikuwa kina mama. Baadhi yao hawakuonyesha dalili za maana, ila walizaa watoto waliopooza, wasioweza kushika shingo wala kutamka. Wakati ule iliaminika kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto na sumu. Dkt. Masazumi Harada alikataa kuamini hivyo, na ushahidi wake ulitoka mahali ambapo Mswahili atapaelewa upesi: kwenye kitovu. Sisi kitovu cha mtoto tunakizika. Wajapani hukikausha na kukitunza ndani ya kijisanduku. Harada aliomba vitovu hivyo kwa familia, vikapimwa, na methili-zebaki ikakutwa humo miaka mingi baada ya kuzaliwa kwa watoto. Leo inajulikana imepitaje. Methili-zebaki ikishikana na kipande kimoja cha protini hufanana na kirutubisho ambacho mwili unakihitaji, basi kondo linaifungulia mlango, na ubongo nao unaifungulia.

Unaweza kuuliza nesi anaingiaje katika habari za kiwanda cha Japani. Anaingia kwa ile ndoo. Daktari huandika, mfamasia hutoa, lakini anayejua wodi imetupa nini leo, kiasi gani na kimekwenda wapi, ni nesi na mfagiaji. Katika miaka ya 1990 huko Marekani ilidhihirika kwamba vichomea taka vya hospitali ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya zebaki hewani, na pia vya dayoksini, sumu inayozaliwa plastiki za PVC, kama mifuko na mirija ya dripu, zinapochomwa. Yaani nyumba ya kutibu saratani ilikuwa ikipuliza visababishi vya saratani kupitia bomba lake. Mwaka 1996 likaundwa shirika la Health Care Without Harm, na miongoni mwa walioliasisi alikuwa Charlotte Brody, nesi kwa taaluma. Manesi walifungua ndoo, wakapanga upya taka: karatasi huku, plastiki kule, cha kuambukiza peke yake. Walisimamisha meza za kubadilishana, ulete themomita ya kioo uondoke na ya dijitali. Mwaka 1998 chama cha hospitali za nchi hiyo kilitia saini makubaliano na serikali ya kuondoa taka za zebaki. Vichomea taka vilivyokuwa zaidi ya 2,000 katikati ya miaka ya 1990 leo havifiki 100.

Waliopinga mabadiliko hayo hawakuwa wapumbavu. Madaktari waliuliza kama mashine mpya za presha zitasema kweli, na hoja yao ilikuwa na uzito, kwani mashine isiyo na zebaki isipokaguliwa mara kwa mara hudanganya. Themomita ya kioo nayo haidai betri, na kwenye zahanati ambayo hata gloves ni za kuhesabu, hilo si jambo dogo.

Mkataba wa Minamata ulipitishwa Oktoba 2013 na kuanza kutumika Agosti 2017. Uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuziana kati ya nchi vipimajoto na mashine za presha za zebaki, isipokuwa kwa nchi iliyoomba muda zaidi. Tanzania, pamoja na Ghana, Zambia na Madagaska, iliingia kwenye mradi wa kutoa vifaa hivyo hospitalini na kuweka mitambo ya kutakasa taka kwa mvuke wa maji badala ya moto.

Lakini kwetu, kwa maoni yangu, wodi ndiyo sehemu rahisi. Zebaki nyingi zaidi inayorushwa hewani na binadamu duniani, kama asilimia 38, hutoka kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mchimbaji wa Geita au Chunya hukoroga mchanga na zebaki, akapata kidonge cha mchanganyiko, akakichoma ili dhahabu ibaki. Wengine hukichomea nyumbani, juu ya jiko la kupikia ugali. Nesi wa kliniki ya wajawazito ndiye mtu wa kwanza, na pengine wa pekee, anayeweza kumwuliza mke wa mchimbaji: dhahabu mnaichomea wapi? Na swali la pili, hili liulizwe kwa upole: dada, unajipaka mkorogo? Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zina zebaki, na huenda haikuandikwa kwenye kopo.

Themomita ikivunjika nyumbani, toa watoto, fungua madirisha, acha fagio. Yakusanye matone kwa kadi mbili ngumu, yatie kwenye chupa yenye maji, ufunge kifuniko. Vipunje vidogo vinase kwa selotepu. Usimwage chooni wala kwenye sinki, usichome, usizike.

Mama alipostaafu alirudi na themomita yake moja nzima, na alipofariki nikairithi pamoja na miwani yake. Nimepiga simu hospitali mbili kuuliza niipeleke wapi. Ya kwanza waliniambia nitupe tu. Ya pili walisema wao wenyewe wana boksi zima stoo, wanasubiri maelekezo.