CBC ya darasani si CBC ya maabarani

Wiki jana jirani yangu alinijia na karatasi aliyopewa zahanatini. Mwanawe alikuwa na homa, na daktari alikuwa ameandika herufi tatu tu: CBC. "Mwalimu," akaniuliza, "hata ugonjwa sasa una CBC? Yaani tununue tena vitu vya mradi?" Hakuwa akifanya mzaha. Karatasi hiyo ilikuwa imelala mezani pake siku mbili nzima akidhani ni mambo ya shule.

Simlaumu. Tangu 2019, mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa kote nchini, mzazi Mkenya akisikia CBC huwaza karatasi za manila na gundi. Hata baada ya jina kugeuzwa kuwa CBE, wengi wetu tungali na lile la awali. Maabarani, hata hivyo, CBC ni hesabu kamili ya chembechembe za damu: nyekundu, nyeupe na zile zinazosaidia damu kuganda. Ukifika Kanada, ni shirika la utangazaji la taifa hilo.

Je, hii ni polisemia au homonimia? Mguu wa mtu na mguu wa meza ni polisemia, kwa kuwa maana zake zinahusiana. CBC ni kama kaa wa baharini na kaa la moto: maana zimekutana katika umbo tu. Na hazina budi kukutana. Alfabeti ya Kiingereza ina herufi 26. Ukizipanga tatu tatu unapata mipangilio 17,576 pekee, ilhali taasisi, vipimo na miradi havina idadi.

Kiswahili nacho kina ujanja wake wa kutumia silabi. Katika Ukosefu wa Kinga Mwilini tulichota U, KI na MWI tukapata UKIMWI. BAKITA vilevile, Baraza la Kiswahili la Taifa. Silabi hutamkika, tena humwachia msikilizaji harufu ya neno asilia. VVU haina harufu hiyo. Lazima uambiwe kwamba ni virusi.

Binafsi sina ugomvi na vifupisho. Ugomvi wangu ni na mtaalamu anayemwachia herufi tupu mtu asiye wa taaluma yake.

Nilipomweleza jirani, alinyamaza kidogo. "Sasa mbona hakuandika tu damu?" Kisha akamfunga mtoto mgongoni, akaelekea maabara.