Mahamri ya asubuhi na sukari ya mimba

"Mimi hata chai nanywa bila sukari, nimeshaiacha." Hilo ndilo jibu ninalolisikia sana hapa Ukunda, Pwani ya Kenya, mama mjamzito anapoambiwa sukari yake imepanda. Namwamini. Kisha namuuliza, asubuhi umekula nini? Mahamri manne na mbaazi za nazi.

Hamri halituonyeshi sukari yake. Tunaona iliki, tunanusa tui. Lakini kilichojaa mle ndani ni unga mweupe wa ngano, nao ukifika tumboni huvunjwa upesi ukawa glukosi. Wali, chapati, mhogo na viazi karai huishia huko huko.

Kondo la nyuma ndilo linaloleta mtihani. Hutoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini ya mama ili mtoto asikose chakula, na kadiri mimba inavyokua ndivyo homoni hizo zinavyozidi. Ndiyo sababu kipimo cha kisukari cha mimba hufanywa kati ya wiki ya 24 na 28: mama hunywa gramu 75 za glukosi, kisha damu yake hupimwa. Kongosho ikishindwa kuongeza insulini, sukari hubaki damuni, ikavuka hadi kwa mtoto. Mtoto hunenepa kupita kiasi, na mabega yanaweza kukwama wakati wa kuzaliwa. Wembamba wa mama si kinga, wala sukari kupanda si kosa lake.

Kwa wengi, insulini huwa dhaifu zaidi asubuhi, saa ile ile ya mahamri.

Simkatazi mtu hamri. Namwomba ale moja, mbaazi ndizo ziwe nyingi, kwa kuwa zina protini na nyuzinyuzi, na sukari yake huingia damuni polepole. Mchana, wali au sima isizidi robo ya sahani. Nusu iwe mchicha, majani ya kunde au mchunga, ule mchungu wanaoupenda Wadigo, na robo iliyobaki samaki. Nani atakosa samaki, na vijiji vya uvuvi vya Gazi na Shimoni viko hapa? Juisi ya miwa na soda ndizo ningeziondoa kabisa.

Bibi atasema, "Kula mwanangu, mko wawili." Ana huruma, ila mimba haidai sahani mbili, hata miezi ya mwisho nyongeza ni ndogo tu.

Tena mambo huanza kabla ya mimba. Utafiti mkubwa wa wauguzi wa Marekani ulioanza 1989 ulionyesha kwamba waliozoea vyakula vya nyuzinyuzi kabla ya kushika mimba walipata kisukari cha mimba kwa uchache, na waliozoea viazi na soda zenye sukari kwa wingi zaidi.

Baada ya kujifungua, sukari kwa kawaida hushuka, na hapo ndipo tunapowapoteza kina mama: hawarudi kupimwa. Aliyewahi kupata kisukari cha mimba yumo katika hatari ya kupata kisukari cha kudumu miaka ijayo. Siku ya kumpeleka mtoto chanjo ya wiki 6, mama naye aombe kupimwa.