Neno la Ugonjwa na Jibu la Simu

Huko Nyamyumba, wilaya ya Rubavu, kusini ya mji wa Gisenyi, ziko chemchemi kando ya Ziwa Kivu ambazo maji yake hutoka ardhini yakiwa na moto wa kutosha kuivisha viazi. Watu huenda hapo kukanda viungo vinavyouma, na wako wanaoamini kwamba maji hayo huondoa maradhi ya ngozi na mengine mengi. Zamani sifa hizo zilienea kwa mdomo, jirani kwa jirani. Siku hizi mwenye maumivu hubonyeza simu yake, na kiooni humtokea picha za watalii waliozama majini, pamoja na maneno matamu juu ya uponyaji.

Ni kweli kwamba maji ya moto hulegeza misuli na kutuliza maumivu kwa muda. Lakini hayaponyi kisukari, wala hayampi mwenye presha ruhusa ya kuacha vidonge vyake. Na mgonjwa wa moyo akikaa humo mno aweza kuzimia. Mwandishi wa sifa zile hakumdanganya mtu. Alikuwa akimwandikia mgeni wa matembezi, na mgonjwa akayasoma kana kwamba yameandikwa kwa ajili yake.

Si haki kuwacheka wanaouliza simu. Baba akiwa zamu mpakani, mama aliyebaki nyumbani na mtoto mwenye homa usiku wa manane hana mshauri wa karibu kuliko kile chombo kilicho mkononi. Taabu ni kwamba simu haimwoni mtoto. Hulijibu neno lililoandikwa, na maneno ya ugonjwa yana hila zake.

Kwa Kinyarwanda, neno umuriro ni moto wa jikoni na pia ni homa. Kwa Kiswahili, wengi wasemapo homa huwa wana maana ya malaria, ingawa homa ni dalili tu, na yaweza kutokana na kichomi, na maambukizo ya mkojo, au na jambo jingine kabisa. Vilevile kuna kifafa cha mimba. Mjamzito anayeumwa kichwa kwa nguvu, akavimba uso na mikono, na macho yakaona ukungu, yumo katika hatari hiyo na hana saa ya kupoteza. Lakini jamaa yake akiandika kifafa tu, ataletewa habari za ugonjwa mwingine wa kuanguka, ambao watu huishi nao miaka mingi.

Bagamoyo, Tanzania, watafiti wa miaka ya 1990 walikuta wazazi waliotenganisha homa na degedege: homa waliiona ni ya hospitali, degedege ni ya mganga. Wengine waliogopa kwamba sindano ingemwua mtoto. Kumbe mara nyingi degedege lile lilikuwa malaria kali. Mzazi kama huyo hata leo, akiwa na simu nzuri namna gani, atatafuta dawa ya degedege wala hatatafuta habari za malaria.

Lugha nayo ina sehemu yake. Google ilianza kutafsiri Kinyarwanda mwezi wa Februari 2020 tu, na maandishi mengi ya utabibu bado yako kwa Kiingereza na Kifaransa. Mashine hutafsiri upesi, lakini haijui kwamba mtu wa Gisenyi anaposema presha hakutaja kama imepanda au imeshuka.

Mpaka wa Gisenyi na Goma umeona pia ubaya wa habari zisizo na mwenyewe. Tarehe 14 Julai 2019 ilithibitishwa kwamba mgonjwa wa Ebola amefika Goma. Upande wa Rwanda wavukaji walinawa mikono na kupimwa joto. Kule Kongo Mashariki wako walioambiana kwamba ugonjwa ni biashara ya wakubwa, na wahudumu wa afya wakashambuliwa. Maradhi hayo yalipotangazwa kuwa yamekwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa.

Tangazo la kweli huwa na jina la aliyelitoa na tarehe yake. Marburg ilitangazwa Rwanda tarehe 27 Septemba 2024, ikatangazwa kwisha tarehe 20 Desemba mwaka huohuo, baada ya kuuguza watu 66 na kuua 15. Ujumbe wa siku zile ukirushwa tena leo bila tarehe waweza kukimbiza soko zima.

Hata maelezo yaliyo sahihi yadai kusomwa polepole. Maji ya kumpa mwenye kuharisha, pale ambapo hakuna paketi za dawa, ni lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Anayepita mbio akageuza sukari kuwa chumvi atamdhuru mtoto badala ya kumsaidia.

Aidha, ziko dalili ambazo zikionekana kwa mtoto mdogo simu ni ya kupiga tu: kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, kushikwa na degedege, au kulegea asiamke vizuri. Nchini Rwanda gari la wagonjwa huitwa kwa namba 912. Kwa homa isiyo na dalili hizo, kila kijiji kina washauri wa afya, abajyanama b'ubuzima, waliochaguliwa na majirani zao. Mshauri huchoma kidole, hutia tone la damu kwenye kipimo cha malaria, na baada ya muda mfupi tu humwambia mama kama ni malaria au sivyo, kwa lugha ya nyumbani kwao, mtoto akiwa mbele ya macho yake.