Mgeni Noma ni Mwenye Hajajipanga

Asubuhi kwa mat ya Jogoo Road kuna dakika ka tatu hivi zenye hakuna mtu hubonga. Redio iko Jambo, Patanisho imeingia, ile ya kurudisha watu wameachana, na simu inalia. Si yetu. Ni ya dame fulani ako ocha, alitoka kwa ndoa bila kuaga, na bwanake ako laini ile ingine amenyamaza ka mtoi ameitwa ofisi ya hedi. Inalia mara ya kwanza. Ya pili. Makanga amening'inia kwa mlango, chenji yangu, mbao mbili, iko katikati ya vidole zake, na hata mimi sidai. Juzi kuna mathe wa mitumba alifaa kushukia City Stadium. Akaitiwa steji mara mbili. "Wacha kwanza huyu msichana ashike," akasema, na gunia yake akaikalia vizuri.

Hizi shoo za asubuhi nimeskiza tangu niko praimari, juu fathela alikuwa anaweka redio kwa dirisha ndio ishike poa. Na wageni nimeskia wa kila sampuli. Mheshimiwa amekuja kuruka maneno alisema jana. Pasta. Daktari wa figo. Mtoi amepita mtihani, na mathake anajibu maswali kwa niaba yake. Maiki ni ile ile, hata haijapoa. Na niseme ukweli, wengi huboo. Mheshimiwa ukimuuliza bei ya unga anakujibu barabara. Msanii ndio usiseme: swali lolote, jibu ni ati mashabiki wakae rada, kuna moto inakam. Hao wamejipanga sana. Hayo majibu wameyazungusha stesheni tatu, saa hii yamechacha ka chai ya jana.

Mimi hunibamba mgeni mwenye hakujua ni mgeni. Cheki Bonoko. Huyo alikuwa kijana wa kulala nje hapa Nairobi, na hakuna studio ilikuwa imemwita. Maripota walimpata tu mtaani, msee mwingine amepigwa risasi, akawaeleza venye makarao walimwekelea marehemu bonoko, yaani bunduki feki. Alibonga vile yeye hubonga. Ma-DJ wakaikata, wakaiweka biti, na neno likawa jina lake. Alafu Ghetto Radio 89.5, ile stesheni ya Sheng, ikampea maiki, akawa yeye ndio anahoji watu. Hakuna kozi inakufunza hiyo.

Mgeni ka huyo anataka mtu anajua kungoja. Ndio maana Gidi na Ghost, wenye hufanya Patanisho, wanaiweza hii kazi. Gidi ni yule wa Gidi Gidi Maji Maji, wenye waliangusha Unbwogable, na 2002 NARC ikaibeba kwa kampeni mpaka Kibaki akaingia Ikulu. Ghost ni Jacob Mulee, kochi mwenye alipeleka Harambee Stars AFCON ya 2004 Tunisia, tukachapa Burkina Faso 3-0, win yetu ya kwanza kabisa huko. (Mechi za Senegal na Mali tuwache hapo hapo, tafadhali.) Msee amewahi kaa kwa benchi akingoja refa apulize filimbi anajua kungoja. Ghost ana ile kicheko ya kufanya mtu amwage chai, lakini skiza vizuri: simu ikishikwa tu, kicheko inazima. Hakuna mtu anajaza hiyo nafasi na stori za jaba. Unaskia kuku za huko ocha, unaskia mtu akihema, na hapo ushajua hii ndoa ina ngori kuliko vile bwana ameeleza.

Sasa yule dame wa juzi. Alishika. Akasalimiwa, akaitika, akaambiwa nani yuko kwa laini. Kimya. Alafu tii, akakata.

Mat nzima ikaanza kuhukumu. Jamaa wa nyuma, suti na begi ya laptopu, akasema dame ako na mwingine. Mathe wa mitumba hata hakugeuka. "Huyo bwana aliuza mtungi wa gesi," akasema. "Mtu hakati simu hivyo bure." Hakuna mtu alibishana naye. Akashukia Muthurwa, akaanza kurudi na miguu, gunia kwa mgongo.

Baada ya matangazo mgeni akawa msanii, ako na ngoma mpya. Dere akapunguza redio, watu wakatoa simu zao. Hapo ndio nilikumbuka chenji.