Shilingi 10 kwa Siku ni Shilingi 3,650 kwa Mwaka

Mkazi wa Kitengela anajua kodi ya nyumba yake ni pesa ngapi na gorogoro ya mahindi imefika bei gani. Lakini ukimuuliza huduma alizojisajili kwenye simu zinamtoa shilingi ngapi kwa mwaka, huenda akakwama. Hizi ni huduma ambazo ukikubali mara moja, pesa huendelea kukatwa bila kuulizwa tena: milio ya simu, jumbe za kandanda, vidokezo vya afya, mashindano ya zawadi.

Kwa anayelipia simu kabla ya kuitumia, makato hayaji na risiti ya mwisho wa mwezi. Unaweka kredo ya shilingi 50, jioni imeisha, nawe unadhani umeongea sana. Huduma moja ya shilingi 10 kwa siku hula shilingi 3,650 kwa mwaka. Linganisha na mchango wa chini kabisa wa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA): shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, kwa matibabu ya familia. Mlio wa simu unaweza kuwa ghali kuliko bima ya afya!

Kuna jaribio rahisi. Usiku, andika salio lako, zima data na usipige simu wala kutuma ujumbe. Asubuhi angalia tena. Likipungua, kuna kitu kinakula.

Tazama namba fupi zinazokutumia jumbe kila mara, kisha jibu kwa neno STOP. Milio ya Skiza ya Safaricom huondolewa kupitia *811#. Ikishindikana, piga 100, namba ya huduma kwa wateja ya Safaricom na pia ya Airtel, uombe huduma zote za aina hiyo ziondolewe kwenye laini yako. Andika tarehe na uliyoambiwa, kwa sababu Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hupokea malalamiko ya mteja ambaye kampuni imeshindwa kumsaidia. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 iko upande wako: hulazimiki kulipia huduma ambayo hukuiomba.

King'amuzi na intaneti ya nyumbani ni jambo tofauti, maana hapo uliomba mwenyewe. Swali ni kama unatumia. Ikiwa king'amuzi ni cha ligi za Ulaya tu, hakuna haja ya kukilipia Juni na Julai wakati wachezaji wako likizoni.

Kuwa mwangalifu na programu zinazotoa mwezi wa kwanza bure lakini zinataka namba ya kadi ya benki. Kufuta programu kwenye simu hakusimamishi malipo. Ingia Google Play, sehemu ya malipo na usajili, na uusitishe huko kabla ya mwezi kuisha.

Na ukienda kuwasalimia wazazi Mashuuru au Loitokitok, omba uangalie simu zao pia. Hata kabambe isiyo na intaneti hukatwa, na mzee asiyesoma jumbe hizo anaweza kuwa amezilipia kwa miaka.