Aina za Utafiti katika Milima ya Usambara

Mchungaji aliyetumika katika sharika za Usambara amezoea kupokea wageni wenye madaftari. Baada ya matangazo ya Jumapili, mzee wa kanisa humsimamisha mtu aliyekuja kuchunguza jambo fulani. Mmoja ataka kutega panya, mwingine kuhesabu miti ya msitu. Wa tatu ataka kuwauliza akina mama habari za homa ya watoto, na wa nne atafuta wazee wanaokumbuka mambo ya Wakilindi. Washarika husikiliza kwa adabu, kisha hurudi nyumbani wakijiuliza kama wote hao wana kazi moja. Wanafunzi wetu nao hujiuliza vivyo hivyo wanapochagua mada za tasnifu, na wengi huwa wamekwisha kuamua kwamba utafiti wa kweli ni ule wa maabara na mengine ni masimulizi tu. Katika makala haya twapenda kueleza jinsi aina hizo za utafiti zilivyokua katika milima hii, na jinsi fani moja ilivyoshindwa mara nyingi kupata jibu mpaka nyingine ilipoulizwa.

Mwanzo wake ni Amani, katika Usambara Mashariki. Hapo serikali ya Kijerumani ilianzisha mwaka 1902 kituo kikubwa cha uchunguzi wa viumbe na kilimo, chini ya Franz Stuhlmann. Kusudi la kwanza halikuwa kuwalisha Wasambaa, bali kutafuta mazao ya kuuza Ulaya; kwa hiyo ililetwa mimea ya kila namna kutoka pande za mbali za dunia. Hata hivyo elimu haikai daima mahali ilipopangiwa. Katika miaka ya 1930, chini ya Waingereza, H. H. Storey na wenzake walikuwa wakiuchunguza huko Amani ugonjwa wa batobato uliokuwa ukiharibu muhogo. Waliuchanganya muhogo na ndugu yake, mti wa mpira uitwao Manihot glaziovii, ambao ulikuwa umepandwa kwa ajili ya utomvu wake. Mbegu za uzao huo zilipelekwa Nigeria katika miaka ya 1950. Kutokana nazo ulipatikana mmea uliopewa namba 58308, na tangu miaka ya 1970 taasisi ya kimataifa ya kilimo iliyoko Ibadan iliutumia kuzalisha aina nyingi za muhogo unaostahimili ugonjwa huo. Mti wa biashara ukawa hivyo mzazi wa chakula cha maskini.

Watafiti wa kilimo walipohamia Muguga nchini Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1940, majengo ya Amani yalichukuliwa na watafiti wa malaria, na kazi yao baadaye iliingia katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Matokeo yao mamoja yafaa kufahamika kwa kila mhudumu wa milimani. Uchunguzi wa vijiji sita vya Usambara, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba kati ya mita 300 na mita 1,700 juu ya usawa wa bahari uambukizaji wa malaria hupungua zaidi ya mara elfu moja. Ndiyo maana mtu wa juu ashukaye kwenda tambarare hana kinga waliyo nayo wenyeji wa huko.

Lakini mfano ulio mzito zaidi kwetu ni wa udongo. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi katika bonde la Mlalo, mahali pale pale wamisionari wa Betheli walipoanza kazi mwaka 1891. Wataalamu walikuwa wameona jambo la kweli: mvua ilikuwa ikichukua udongo wa miteremko. Wakaamuru wakulima walime kwa matuta. Mwaka 1950 mpango huo ulipanuliwa katika Usambara, na waliokaidi waliadhibiwa. Mwaka 1957 uliachwa kutokana na upinzani wa watu. Mtu akisoma taarifa za wataalamu peke yake ataona ukaidi tu wa wakulima wasioelewa. Jibu lilitoka kwa mwanahistoria. Steven Feierman wa Marekani alianza kukaa na Wasambaa katika miaka ya 1960, akajifunza lugha yao, na katika kitabu chake *Peasant Intellectuals* cha mwaka 1990 alieleza kwamba watu hao walikuwa na elimu yao juu ya nchi. Walizungumza juu ya *kuzifya shi*, yaani kuiponya nchi, na *kubana shi*, yaani kuiharibu. Kwao mvua, rutuba na utawala vilikuwa jambo moja. Amri iliyoongeza kazi ngumu, hasa kwa wanawake, na kutia shaka juu ya haki za mashamba, haikuweza kuitwa uponyaji wa nchi hata kama matuta yenyewe yalikuwa mazuri. Tunadhani wataalamu wa udongo wangaliweza kuyasikia maneno hayo mapema, kwa maana yalisemwa hadharani. Lakini katika fomu zao hapakuwa na mahali pa kuyaandika.

Kazi ya Feierman nayo haikuanzia hewani. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy alikuwa amekwisha kuandika *Habari za Wakilindi* kwa Kiswahili, na kitabu hicho kilipigwa chapa na wamisionari wa Kiingereza huko Magila, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa upande wa lugha, Karl Roehl, ambaye wengi wetu twamfahamu kwa tafsiri yake ya Biblia ya mwaka 1937, alitoa sarufi ya Kisambaa mwaka 1911, na baada ya miaka mingi Ruth Besha alikichunguza upya Kisambaa kwa macho ya mwanaisimu wa Kitanzania. Kazi za namna hii huonekana kavu kwa wengi, nasi tumesikia zikidharauliwa katika vikao vya kugawa fedha. Lakini mtu asiyejua tofauti ya *kuzifya* na *kubana* angeuliza nini huko Mlalo?

Mwaka 1980 tauni ilizuka wilayani Lushoto. Kufikia mwaka 2004 walikuwa wameugua watu zaidi ya 7,000, na zaidi ya 600 walifariki. Wachungaji wa vijiji vilivyoguswa walizika kwa miaka mfululizo. Dawa ilikuwapo, na mgonjwa akiwahi hupona. Jambo lililowatatiza watafiti ni kwamba vijiji vingine vilirudiwa mara kwa mara huku jirani zao wakipona, na kwamba wanawake na watoto waliugua kuliko wanaume. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, wakishirikiana na Wabelgiji, walichunguza panya, viroboto, mimea na sura ya nchi. Mwaka 2007 ulichapishwa uchunguzi wa vijiji kumi na viwili, ulioonyesha kwamba penye viroboto wengi wa binadamu ndani ya nyumba ndipo penye tauni nyingi. Hapo swali lilihama kutoka shambani likaingia chumbani: nani hulala sakafuni, matandiko huanikwa lini, mahindi huwekwa wapi, nani hukaa na mgonjwa usiku. Hayo hayapatikani kwa mtego wa panya. Huyapata mtu aliyezoea kukaribishwa nyumbani na ajuaye kuuliza bila kuaibisha.

Neno moja juu ya elimu. Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ilipofungua Chuo Kikuu Kishiriki cha Sebastian Kolowa huko Magamba mwaka 2007, iliipa elimu maalum nafasi ya mbele. Haikuwa ajabu, kwani Kanisa lilikuwa limefundisha watoto wasioona huko Irente kwa miaka mingi, na maswali ya walimu hao yalikuwa yakingoja mtafiti.

Twarudi kwa mgeni aliyesimamishwa baada ya matangazo. Sehemu kubwa ya kazi tulizozitaja ziliandikwa kwa Kijerumani au Kiingereza na kuhifadhiwa mbali. Kati ya hizo zote, *Habari za Wakilindi* ndicho kitabu ambacho mzee wa Bumbuli aweza kukisoma na kukibishia bila mkalimani. Kwa hiyo mchungaji aombwaye ruhusa ana haki ya kuuliza majibu yatarudi lini, na kwa lugha gani. Mwanafunzi wa theolojia naye asidhani kwamba hana cha kuchangia. Vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko vya sharika zetu vina habari za vifo, njaa, majina na kuhama kwa watu ambazo tabibu, mwanahistoria na mwanaisimu wote wazihitaji. Tumeingia katika ofisi ambamo vitabu hivyo vimewekwa chini ya meza, na mchwa wamekwisha kula kurasa za miaka ya mwanzo.