Usiku wa mwalimu mwezi Novemba una bei gani?

Siku ya Walimu Duniani huadhimishwa Oktoba 5 tangu mwaka 1994. Kwa mwalimu wa sekondari Tanzania, tarehe hiyo huangukia wiki chache kabla ya msimu mzito kuliko yote. Novemba Kidato cha Pili na cha Nne wako kwenye mitihani ya Taifa, na Kidato cha Kwanza na cha Tatu wanaelekea kufunga mwaka. Pongezi hutangulia, karatasi hufuata. Hapa tunazipima karatasi hizo kwa saa na kwa shilingi, kisha tunaziweka kando ya kile kinachoitwa motisha.

Tuanze na rundo lenyewe. Tumchukue mwalimu wa Kiswahili mwenye mikondo minne, kila mkondo wanafunzi 50. Hizo ni karatasi 200. Akitumia dakika 10 kwa kila karatasi, atasahihisha kwa dakika 2,000, yaani saa 33 na dakika 20. Dakika 10 ni kadirio tu: kwa dakika 6 kazi hushuka hadi saa 20, na kwa dakika 15, ambazo si nyingi mtu akisoma insha kwa makini, hupanda hadi saa 50. Tubaki na 10.

Mwalimu huyo pia ni mwalimu wa darasa. Wanafunzi 50 wenye masomo tisa kila mmoja wana alama 450 za kuingiza kwenye mkeka wa matokeo, kujumlisha, kutafuta wastani na kupanga nafasi, halafu ripoti ijazwe maoni kuhusu tabia na bidii. Tukitenga dakika 15 kwa kila ripoti, tunapata saa 12 na nusu. Jumla ya kusahihisha na ripoti ni saa 45 na dakika 50, sawa na asilimia 115 ya juma la kazi la saa 40.

Takwimu hiyo ya asilimia 115 inavutia kuinukuu, lakini inapotosha. Kusahihisha ni sehemu ya kazi anayolipwa mwalimu, na sehemu yake hufanyika mchana. Swali sahihi ni saa ngapi hazitoshei ndani ya siku ya kazi, kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri. Saa hizo za ziada nitaziita "kazi ya usiku", hata kama nyingine hufanywa Jumapili baada ya ibada.

Tukadirie kwamba mitihani na matokeo vinapewa siku 10 za kazi, na kila siku ina karatasi mbili za saa mbili na nusu. Mwalimu anayesimamia zote mbili hutumia saa 5 kati ya 8. Zinabaki saa 3 kwa siku, au saa 30 kwa siku 10. Anahitaji saa 45 na dakika 50, hivyo kazi ya usiku ni saa 15 na dakika 50. Hesabu hii bado inampendelea mwajiri, kwa sababu inachukulia kwamba somo lake limefanyiwa mtihani siku ya kwanza. Likipangwa Jumatatu ya pili, saa za mchana za juma la kwanza hazimsaidii kusahihisha.

Sasa tubadilishe kitu kimoja tu, idadi ya wanafunzi. Kiwango kinachotakiwa kwa darasa la sekondari ni wanafunzi 40. Kwa 40, kusahihisha na ripoti ni saa 36 na dakika 40, na kazi ya usiku ni saa 6 na dakika 40. Kwa 50, ni saa 15 na dakika 50. Kwa 70, kazi yote ni saa 64 na dakika 10, na ya usiku ni saa 34 na dakika 10. Kutoka 40 hadi 70 wanafunzi wameongezeka kwa asilimia 75, lakini kazi ya usiku imekuwa zaidi ya mara tano. Saa za mchana hazinyumbuliki, kwa hiyo kila mwanafunzi anayezidi huangukia usiku.

Shilingi je? Sitashika daraja lolote la mshahara wa mwalimu. Nitashika sakafu, yaani kima cha chini cha utumishi wa umma, ambacho tangu Julai 2025 ni shilingi 500,000 kutoka 370,000. Ongezeko ni asilimia 35.1, ila asilimia hiyo isomwe kwa uangalifu. Mwaka 2022 kima hicho kilipanda kutoka 300,000 kwa asilimia 23.3, na wengi wa madaraja ya juu waligundua kwenye hati ya mshahara kwamba nyongeza yao ilikuwa ndogo kuliko asilimia iliyotangazwa.

Kwa mwezi wa saa 176, shilingi 500,000 ni kama shilingi 2,841 kwa saa. Kazi ya usiku ya darasa la 50 ina thamani ya takriban shilingi 45,000, na ya darasa la 70 shilingi 97,000. Mwalimu analipwa zaidi ya kima cha chini, kwa hiyo takwimu hizi ziko chini ya uhalisia.

Upande wa pili wa mizania ni kutambuliwa. Kinachofahamika zaidi ni posho ya madaraka: shilingi 250,000 kwa mwezi kwa mkuu wa shule ya sekondari, au milioni 3 kwa mwaka. Posho hiyo inalipia uongozi, wala haikukusudiwa kulipia rundo la karatasi. Mwalimu wa darasa kwenye mstari huo ana sifuri.

Kinachobaki ni zawadi ya A, inayotolewa na baadhi ya shule. Tuseme bei ni shilingi 10,000 kwa kila A, na shule ina watahiniwa 100. Kiswahili kikipata A 12 na Hisabati A moja, mmoja anapokea 120,000 na mwenzake 10,000. Mfano huu ni wangu, lakini tofauti ya masomo ni halisi: katika matokeo ya Kidato cha Nne ya miaka ya karibuni, ufaulu wa Hisabati umezunguka kwenye robo ya watahiniwa au chini yake, wakati wa Kiswahili umezidi asilimia 90. Mwalimu wa Hisabati akiwatoa wanafunzi 10 kwenye F hadi D, ufaulu wa somo umepanda kwa pointi 10 na zawadi ya kazi hiyo ni sifuri.

Zawadi hiyo pia haimwoni aliyefundisha Kidato cha Kwanza hadi cha Tatu, ingawa asilimia 30 ya alama za mwisho hutokana na tathmini endelevu ya shuleni. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora Januari 2023. Hata hivyo, kuhesabu A kumeendelea ofisini kwa walimu.

Tulinganishe zawadi hiyo na njia nyingine, ya kumpunguzia mwalimu usimamizi. Walimu wakipokezana, kila mmoja akasimamia karatasi moja kwa siku badala ya mbili, saa za mchana zinakuwa 55. Kazi ya usiku ya darasa la 50 inakwisha kabisa, na ya 70 inashuka hadi saa 9 na dakika 10. Kwa shule ya walimu 20 pengo la usimamizi ni saa 500, kazi ya watu 10 kwa siku 10, pengine walimu wa kujitolea ambao shule nyingi tayari zinawafahamu. Kwa kiwango chetu cha sakafu gharama ni shilingi 1,420,000 hivi.

Hiyo ni sawa na A 142 kwa bei ya shilingi 10,000. Katika mfano wetu, masomo mawili yalitoa A 13, yaani shilingi 130,000. Zawadi ya A inaonekana nafuu kwa sababu sehemu kubwa ya kazi haimo kwenye hesabu yake.